Kafara ya Siku Fupi

Jumapili, 2 Novemba

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma, desturi ya huku kila Novemba, na jua limezama kabla sijamaliza kukunja nguo. Nimefuturu kwa tende na maji. Siku ya kwanza ya miezi miwili imekwisha, wala sikusikia kiu.

Niliweke wazi jambo lenyewe nisije nikalizungukazunguka. Jioni moja ya Ramadhani iliyopita, nikikimbilia nyumbani kufuturu, nilikata kona ya kushoto barabara ya Lawrence nikamgonga Guleid Egal, aliyekuwa anavuka kwa haki yake. Nilikuwa naangalia magari yanayokuja, yeye sikumwangalia. Aliishi dakika chache, mimi nimepiga magoti kando yake, akaniuliza neno moja, akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika. Kwamba nilimgonga wanajua polisi, wakili, msikiti na kwetu Isiolo nzima. Aliloniuliza halijui mtu, kwa sababu hakuna aliyetaka kulijua.

Sheikh aliniambia tangu Aprili: aliyeua bila kukusudia hufunga miezi miwili mfululizo, na akikatiza bila udhuru huanza upya. Nikasema nitafunga. Ikapita Mei, ikapita Juni, ikapita Julai. Watu niliwaambia nasubiri kesi. Ukweli ni kwamba Juni hapa Toronto jua halizami mpaka saa tatu usiku, nami nina miaka hamsini na miwili na kazi ya kusimama. Nilichukua kalenda nikatafuta siku zilizo fupi kuliko zote za mwaka, kama mtu anayechambua nyanya sokoni. Nilimuuliza sheikh, akasema hakuna ubaya.

Kama hakuna ubaya, mbona naona haya kuiangalia ile kalenda?

Jumatatu, 3 Novemba

Kazini Don Mills, katika nyumba ya wazee. Bibi Noorbanu wa chumba cha pembeni, mzaliwa wa Mwanza mwenye ulimi kama wembe, aliona sikugusa chakula cha mchana akauliza kulikoni. Nikasema nimefunga. Akatazama dirishani, mawingu tupu, akasema, "Mfungo wa Novemba? Huo hata paka wangu angeuweza."

Tulicheka wote wawili. Nilipofika chumba cha kufulia sikuwa nacheka tena.

Jumatano, 5 Novemba

Wamaitha ameingia basi letu la Lawrence asubuhi. Ndiye mjane wa Guleid. Ni Mkikuyu wa Thika, walikutana Eastleigh, akasilimu, wakaoana, wakapata binti mmoja, Hibo. Koti jekundu. Alikaa nyuma ya dereva. Mimi nilijificha nyuma ya simu mpaka aliposhuka. Nadhani hanijui kwa sura.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo wazee wamemaliza.

Kwa xeer, sheria ya mababu zetu Wasomali, anayeua si mtu mmoja, ni ukoo, na anayekufa ni ukoo. Dia, yaani fidia ya damu, tunaiita mag, nayo hulipwa na wanaume wote wa upande wa baba yangu, hata vijana wa Minnesota ambao sijawahi kuwaona. Wazee waliitaja kwa ngamia, ingawa katika ukumbi ule wa nyuma ya mkahawa, baina ya saluni na duka la simu, hakuna aliyemiliki hata mbuzi.

Upande wetu alisema Adeer Warsame, mdogo wake marehemu baba. Upande wao walikuja kaka watatu wa Guleid na mzee wao. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, namimina chai nisiyoweza kuinywa. Kupitia pazia nilimsikia Adeer akisema "tulimgonga", "tulikosea", "tunaomba". Alisema vizuri, na kila aliposema "tu" nilihisi begani pangu pamepungua kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili, na mimi wangu niliwagawia watu mia kadhaa, kila mmoja akachukua usufi wake akaenda zake.

Walisoma Fatiha. Mzee wa upande wao akasema damu imezikwa, na kuanzia leo atakayeifukua ndiye mwenye kosa. Waume kwa waume wakakumbatiana.

Wakati wa kuvaa makoti nilimuuliza Adeer, "Na mkewe?"

"Mkewe ana shemeji zake."

"Amekuja?"

"Wewe ulikaa ndani na wanaume?" akaniuliza kwa upole. "Basi na yeye vilevile."

Jumapili, 9 Novemba

Nimelala fofofo, usingizi wa kwanza wa namna hiyo tangu Machi. Naliandika ili siku moja nisije nikajidanganya kwamba sikulala.

Jumatano, 12 Novemba

Koti jekundu. Simu usoni.

Ijumaa, 14 Novemba

Koti jekundu. Alikuwa amebeba kikapu chenye majani ya sukuma yanayochungulia. Nilijiuliza anapikia wangapi sasa, halafu nikajikanya kuuliza mambo ambayo wazee wameyafunga.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya adhuhuri nilimsubiri sheikh penye viatu. Nikamuuliza swali ambalo ilinipasa kuuliza kabla ya ule ukumbi: dia ni ya nani? Akajibu kama anayejibu mtoto wa madrasa. Ni ya warithi wa marehemu, mkewe na mtoto wake wakiwemo, na kusamehe ni kwao pia. Nikamwambia imekwenda kwa kaka. Akakuna ndevu, akasema hilo wazee wetu wanalijua, wanaambiwa kila mwaka, na kila mwaka wanasema ndiyo sheikh.

Nikamuuliza kama kafara yangu inafaa. Akasema saumu ni baina yangu na Mungu. Haki ya mjane ni baina yangu na mjane.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kilomita nyingi, theluji nyepesi ya kwanza inanipiga usoni. Nilidhani nina sheria tatu zinazonibana: ya serikali, ya dini na ya ukoo. Njiani niliona kwamba nimezitumia zote tatu kama mablanketi. Wakili alisema nisimkaribie mjane mpaka kesi iishe, nikasema alhamdulillahi. Adeer alisema wanaume watasema kwa niaba yangu, nikasema alhamdulillahi. Sheikh alisema siku fupi hazina ubaya. Miezi minane, na sijamwambia yule mama hata pole.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilimpigia Adeer nikamweleza aliyosema sheikh. Aliniacha nimalize, ndiyo adabu yake, kisha akaniambia kwamba dini ni dini na xeer ni xeer, na kwamba kama si xeer damu ya Guleid ingekuwa bado inatafutana na vijana wetu mitaani. Hilo ni kweli. Mwanangu Liban angeweza kuwa wa kwanza.

Nikamwambia nataka kwenda kwa mjane mwenyewe.

"Zamzam," akasema, "watu wametoa vya watoto wao ili wewe ulale. Ukienda kule unasema kazi yetu si kitu. Unafukua."

Nikasema sitakwenda. Kusema kwangu upesi ndiko kunakoniuma. Alikuwa amenirudishia blanketi langu.

Jumanne, 25 Novemba

Theluji mpaka magotini. Koti jekundu halikuonekana.

Jumanne, 2 Desemba

Mehreen, wakili wangu, amekuja kwa gari kutoka Unionville kunieleza mpango. Mwendesha mashtaka atalipunguza shtaka. Nitakiri kosa dogo la kukata kona pasipo salama, nitapigwa faini, leseni itazuiwa kwa muda. Leseni yenyewe iko kwenye droo ya vijiko tangu Machi. Nikamuuliza kama naweza kusema chochote mbele ya hakimu. Akasema niseme "ndiyo" nikiulizwa, basi. Neno "samahani", alisema, mahali pale ni ushahidi.

Msichana mzuri, mwerevu, ananijali. Nilimpa chapati akala mbele yangu bila kujua nimefunga, na sikumwambia.

Jumanne, 9 Desemba

Korti ni chumba kama cha kusubiria daktari wa meno. Wa mbele yangu alikuwa kijana aliyepita taa nyekundu, wa nyuma yangu mzee asiye na bima. Katikati yao tulipita mimi na Guleid, na hatukuchukua muda mrefu kuliko wao.

Wamaitha alikuwa safu ya mwisho. Alikuwa na karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Kwa kuwa shtaka lilipunguzwa na kifo hakikutajwa ndani yake, hakuna aliyemwita kuisoma. Jina la Guleid halikutamkwa hata mara moja. Nilisema "ndiyo". Mehreen akanishika mkono nje, akasema, "Umemaliza, Auntie."

Nilipogeuka, Wamaitha alikuwa anairudisha ile karatasi kwenye mkoba. Tulitazamana. Ananijua. Asubuhi zote zile basini alikuwa ananijua, nami nimejifunika uso kwa simu kama mtoto anayefumba macho akidhani haonekani.

Jumatano, 10 Desemba

Sikuweza kula daku. Nimefunga hivyohivyo.

Jumapili, 14 Desemba

Liban amekuja kula wali. Nilimweleza yote, na ile karatasi. Alinisikiliza kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: kila mtu amezungumza na kila mtu, isipokuwa wewe na yeye. Nikamwambia mambo haya yana taratibu zake. Akasema taratibu anaziona, anachouliza ni nani zimemsaidia. Nikamtuma akatupe taka.

Alhamisi, 18 Desemba

Hakuna koti jekundu, siku ya tano. Nimejikuta nikimtafuta kituo hadi kituo. Nina wasiwasi kama wa ndugu, na sina haki nao.

Jumanne, 23 Desemba

Ameingia. Basi lilikuwa na nafasi tele. Akapita viti vyote vya mbele akaja kukaa kando yangu, begi lake mapajani.

"Mama Liban," akasema, bila salamu.

"Naam, Mama Hibo."

"Jumapili uje kwangu. Saa saba mchana."

Nikasema nitakuja. Akashuka kituo chake.

Ijumaa, 26 Desemba

Adeer amesikia, sijui kwa nani. Hakufoka. Alisema tu kwamba nikienda, niende kwa jina langu, nisiende kwa jina la baba yangu. Kwa watu wetu hilo ni neno kubwa.

Jumapili, 28 Desemba

Nimetoka kwa Wamaitha sasa hivi. Naandika nikiwa bado na koti.

Anakaa ghorofa ya tisa, jengo la matofali nyuma ya plaza. Hibo alikuwa kwa jirani. Sebule safi, picha ya Guleid ukutani akicheka, kofia kichwani, na mezani chupa ya chai, vikombe viwili, mahamri yaliyofunikwa kitambaa. Nilisema pole. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi basini, ikatoka imevunjika. Akaniambia nikae.

Akasema shemeji zake walimjia mwezi wa Novemba wakamwambia mambo yamekwisha. Alipouliza yamekwisha vipi, wakamwambia asijali. Alisema hataki walichopokea, hata kwa dawa. Alitaka kuulizwa. Mtu mmoja tu, popote, ukumbini au kortini, amuulize, Wamaitha, wewe unasemaje.

Halafu akamimina chai. Ya maziwa, iliki ikanijia puani, nikasikia njaa yote ya miezi hii kwa mara ya kwanza. Akaisukuma mbele yangu.

Nikamwambia, "Mama Hibo, nimefunga."

"Najua. Msikiti mzima unajua. Unafunga kwa ajili ya Guleid, na unamaliza Jumatano."

"Wazee wamemaliza," akasema. Hakupandisha sauti. "Korti imemaliza, niliona kwa macho yangu. Jumatano na wewe unamaliza na Mungu wako. Mtakuwa mmemaliza wote. Mimi nitamaliza lini, na nani?"

"Ile jioni nilimpikia chai hivihivi. Nikaifunga kwenye chupa hii, nikaweka kikombe. Adhana ikalia, nikamngoja. Polisi wakagonga mlango. Chupa nilikuja kuifungua siku ya tatu, imechacha, nikaimwaga kwenye sinki. Wewe ndiye uliyefanya isinywewe. Basi inywe."

Najua sheikh atasema nini. Huu si ugonjwa, si safari, si udhuru wowote ulioandikwa. Nilijua pia kwamba Adeer angeniambia ninyanyuke, nami ningekuwa na haki ya kunyanyuka, nikiwa na saumu yangu mkononi kama cheti. Siku tatu tu na hii ya leo. Blanketi la mwisho. Nilimwangalia yule mama, macho makavu, mikono imelala mezani, na nikaona kwamba nikimkatalia nitakuwa nimemaliza kweli, naye hatamaliza milele.

Nikasema bismillahi, nikainywa. Niliinywa yote, mpaka machicha, na ilikuwa ya moto ikaniunguza ulimi. Alinitazama mpaka nilipoweka kikombe chini.

Hapo ndipo alipouliza. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ndogo.

"Alisema kitu?"

Miezi tisa nimelibeba. Wakili alinikataza lisitoke, wazee walilizika pamoja na mengine, na mimi nikafurahi kwamba kuna wa kunikataza. Nikamwambia. Nilimwambia Guleid hakulia wala hakunilaani. Alinishika mkono wa baibui akaniuliza kama adhana imeshalia.

"Ukamwambia nini?"

"Nilitazama saa. Nikamwambia bado."

Akafumba macho.

"Nilikuwa na maji kwenye gari," nikasema. "Hatua mbili. Zilikuwa zimebaki dakika chache, nami nikamwambia bado, kwa sababu bado kweli. Akaitika kwa kichwa. Akangoja. Ningemwambia tayari, Mama Hibo. Ningemwambia tayari nikamnywesha. Nani angeniuliza?"

Hapo alilia, nami nikalia, kila mtu upande wake wa meza, hatukushikana. Wamaitha akajipangusa kwa kitambaa cha mahamri. Akasema hivyo ndivyo Guleid alivyokuwa, hata nyumbani, hali tende mpaka muadhini amalize. Akatabasamu kidogo aliposema hivyo. Kisha akaniuliza ni upande gani alikuwa amegeuza uso, na mkono ulioshika ulikuwa wa kulia au wa kushoto, na kama aliona baridi. Nikamjibu yote. Jua lilizama tukiwa palepale.

Mlangoni sikuomba msamaha wake, na yeye hakuutoa. Alinifungia mahamri mawili.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimekula kifungua kinywa mchana kweupe, nikiwa nimekaa, bila kujificha. Nimempigia sheikh nikamweleza. Akapumua. Akasema saumu yote imekwenda, nianze moja, na kwamba Mungu ndiye ajuaye kilichomo kifuani. Akanikumbusha baridi bado ipo, naweza kuanza kesho nikaifaidi.

Nikamwambia Ramadhani itanikuta katikati. Ni kweli, lakini siyo sababu.

Jumatano, 31 Desemba

Ingekuwa leo. Adeer hajapiga simu. Nilimpigia mimi, nikamwamkia, nikamwambia nilikwenda kwa jina langu. Akasema amesikia. Akauliza mjane anaendeleaje, na hilo hakuwa ameliuliza kabla.

Jumatatu, 1 Juni

Nimelitoa daftari kwenye droo ya vijiko. Ramadhani imepita, Idi zote mbili zimepita, na leo naanza moja. Bibi Noorbanu jana aliniambia nimerukwa na akili, siku za mwaka zote nimekosa ila hizi. Nikamwambia nimezichagua. Akanitazama, kwa mara ya kwanza hakupata la kunichoma nalo.

Simu ililia alfajiri mbichi nikiwa bado kitandani, saa ya kuamsha sikuisikia. Alikuwa Wamaitha. Aliuliza kama nimekula daku.

Nikamwambia bado.

"Amka basi unywe maji," akasema. "Adhana haijalia, nitakuangalizia saa."

Nikaenda jikoni na simu sikioni, nikajaza bilauri, nikanywa.